Sanduku la Varys

Jumapili, usiku.

Mdogo wangu ameshalala, mimi nimebaki sebuleni. Wiki kadhaa sasa tunaangalia Game of Thrones, ile tamthilia ya kugombea kiti cha enzi, kila tukipata nafasi, yeye mara ya kwanza, mimi ninarudia. Leo tumefika pale nilipokuwa ninapaogopa tangu tuanze: msimu wa nane, kipindi cha tano, Varys, mkuu wa majasusi anayeitwa Bwana wa Minong'ono, anapochomwa moto ufukweni kwa amri ya malkia wake, Daenerys. Mwaka 2019 nilipapita haraka, maana wote tulikuwa tunangoja vita. Leo nimeshindwa kuendelea. Nimemwambia tuzime, tutamalizia kesho.

Walinzi wanamfuata usiku. Anapowasikia wanakuja, anaichoma barua aliyokuwa anaiandika, kisha anavua pete zake, moja baada ya nyingine, taratibu, kama mtu anayejiandaa kulala. Haulizi nani kamsema. Kule ufukweni Tyrion, mshauri mwenzake wa malkia, anamsogelea, anamwambia ni yeye aliyemsema, na anamshika mkono. Varys hamtukani. Anamuaga kama rafiki wa siku nyingi. Halafu uso wa joka unatokea gizani nyuma ya malkia.

Kilichonikaba koo ni ule mkono, wala si moto.

Kwa sababu hawa wawili wametoka mbali. Msimu wa pili, Tyrion akiwa Mkono wa Mfalme, yaani msaidizi mkuu wa mfalme, kwa niaba ya baba yake, aliwapa wajumbe watatu wa baraza hadithi tatu tofauti kuhusu ndoa ya mpwa wake, aone ipi itamfikia dada yake. Iliyofika ilikuwa ya mjumbe Pycelle. Varys, naye mmoja wa wale watatu, aliitunza ya kwake. Naona urafiki ulianzia hapo: mmoja kamtega mwenzake, na mwenzake hakunasa.

Kisha ikaja ile kesi ya msimu wa nne. Tyrion anashtakiwa kumuua mfalme kwa sumu, na baba yake mwenyewe ndiye anayeongoza mahakama. Varys anasimama kutoa ushahidi dhidi yake. Hasemi uongo. Anachagua tu vipande vya kweli vinavyommaliza rafiki yake, maana asingefanya hivyo kichwa chake kingefuata. Tyrion anamuuliza kama amesahau alichowahi kumwambia, kwamba bila yeye mji ungeanguka. Varys anamjibu kwa huzuni kwamba yeye hasahau kitu.

Na kweli hakusahau. Tyrion alipotoroshwa gerezani, Varys ndiye aliyekuwa na sanduku tayari, limetobolewa matundu ya kupitishia hewa. Akalipakia melini. Alikuwa ameshageuka arudi zake kasri, kengele zikaanza kulia, akajua kwamba kurudi ni kifo. Akapanda meli, akakaa pembeni ya lile sanduku. Yule bwana wa mahesabu, mwenye "ndege wadogo", ndivyo alivyowaita wapelelezi wake, wa kumletea habari kila kona ya mji, aliacha kila kitu alichojenga kwa sababu ya mtu aliyekuwa ndani ya boksi. Kipindi anachofia, jina lake ni "Kengele". Sijui kama waandishi walikusudia, lakini mimi nimeyaunganisha na sitaweza kuyatenganisha tena.

Sisemi Varys hakuwa na kosa. Alimwahidi Daenerys kwamba akiona anakosea atamwambia usoni, hatapanga njama kisirisiri. Akapanga. Aliandika barua kueneza siri ya ukoo wa Jon, mpenzi wa malkia, kwamba ana haki ya kiti cha enzi kumzidi malkia mwenyewe, na yale maongezi yake na binti wa jikoni kuhusu malkia asiyekula hayakuwa ya heri. Lakini siri yenyewe aliipata kwa nani? Jon alimwambia Sansa, dada aliyelelewa naye, Sansa akamwambia Tyrion, Tyrion akampelekea Varys. Malkia anaihesabu minyororo hiyo mbele ya Tyrion, pete kwa pete. Hapo ndipo ninapokataa kwamba Tyrion alimsema Varys kwa sababu ya uaminifu tu. Barazani, anayefika wa kwanza na habari ni shahidi, na anayefuata ni mshtakiwa. Tyrion alijua. Tena kipindi hichohicho, majivu ya rafiki yake hayajapoa, yeye mwenyewe anamfungulia kaka yake Jaime, mfungwa wa malkia. Uhaini mtupu, tena kwa machozi.

Kwetu tunasema kumchomea mtu utambi. Mimi nimewahi.

Ni miaka mingi. Ofisi ilipata mkuu mpya, kila mtu akawa anachungulia kiti chake. Nilikuwa na rafiki pale, nilimwita kaka ingawa hatukuzaliwa pamoja. Mama alipolazwa alinishikia zamu zangu za usiku wiki mbili nzima, na hela ya soda hakutaka. Siku moja, wakati wa chakula cha mchana, akaniambia anaandika barua kwa walio juu ya mkuu. Nilipoitwa ndani nikaulizwa, nikasema. Kila neno lilikuwa kweli.

Jioni nilimbebea boksi lake hadi stendi. Lilikuwa boksi la karatasi za kuchapia, limefungwa kamba ya katani, ndani kikombe chake kinagonga kila nikipiga hatua. Tulipofika nikamwambia, "Kaka, ni mimi." Akaniangalia kidogo, akasema, "Sawa." Basi likaja, akapandisha boksi kwanza, halafu akapanda yeye. Mimi nilibaki kazini miaka mingine minne, na nikapanda cheo.

Varys alitoa ushahidi kwa kuogopa, kisha akaja na sanduku lenye matundu. Mimi nilitoa ushahidi kwa kuogopa, kisha nikambebea mwenzangu boksi hadi mlangoni mwa basi, nikarudi nyumbani kula. Usiku wa leo sioni tofauti kati yangu na ule mkono wa Tyrion ufukweni.

Kesho mdogo wangu ataona mwisho. Ataona Tyrion amenusurika, amekuwa Mkono tena kwa mfalme mwingine, anavipanga viti vya baraza kabla wenzake hawajaingia, anasogeza hiki, anarudisha kile. Na mfalme akiingia atasema baraza bado halina Bwana wa Minong'ono.