Herufi H

Kuna Jumapili moja nilimsubiri mdogo wangu tangu asubuhi mpaka jua likazama. Ijumaa yake binti yangu alikuwa ameniambia, akiwa amenipa mgongo anaosha vyombo, maji yanatiririka: "Hatakuja Jumapili." Mimi nikasikia "Atakuja." Siku nzima nikaipanga juu ya neno hilo. Jioni, nilipoanza kulalamika kwamba mtu kaahidi na hakutokea, binti yangu alinitazama kwanza, kisha akasema polepole, "Mama, nilikwambia hatakuja. Na wewe ukaitikia."

Niliitikia kweli, na hilo ndilo lililoninyima usingizi usiku ule. Kwa miaka, sijui mingapi, nimekuwa nikisema "eeh", "kabisa", "ndiyo mwanangu", huku nimedaka nusu ya maneno na nusu nyingine nimeibuni. Nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba vijana wa siku hizi wanameza maneno. Nilikuwa nikiwasikia! Sauti zao zilinifikia vizuri tu. Kilichonipita ni walichokuwa wakisema, na sikujua kwamba hayo ni mambo mawili.

Nilianza kwa daktari wa masikio. Alimulika ndani kwa taa yake ndogo kutazama kama kuna nta iliyoziba njia, au ngoma ya sikio iliyotoboka, au majimaji nyuma ya ngoma. Nawasihi wasomaji wangu msiiruke hatua hii, maana uziwi wa aina hiyo mara nyingi una tiba na huenda mtu asihitaji kifaa chochote. Na sikio likizimika ghafla, kwa siku moja au mbili, nenda siku hiyohiyo, kwa sababu dawa yake ina nafasi kubwa zaidi ya kusaidia siku za mwanzo. Mimi masikio yangu yalikuwa safi. Akanipeleka kwa mtaalamu wa usikivu.

Niliketi kwenye kichumba kisichopitisha sauti, hedifoni masikioni, kitufe mkononi, nabonyeza kila nikisikia mlio. Milio minene niliisikia upesi. Ikafika mahali pakawa kimya, nikadhani mashine imepumzika. Kumbe ilikuwa inaendelea kulia.

Mtaalamu yule, kijana tu, alinichorea matokeo. Karatasi hiyo inaitwa odiogramu: kushoto sauti nene, kuanzia hezi 250 (hezi ni kipimo cha unene na wembamba wa sauti), kulia sauti nyembamba, mpaka hezi 8000, na kadiri mstari unavyoshuka ndivyo sauti inavyohitaji desibeli, yaani nguvu ya sauti, nyingi zaidi ili uisikie. Mstari wangu ulikuwa tambarare mpaka hezi 1000, halafu ukateremka kama mtu anayeshuka mlima, ukafika desibeli 60 kwenye hezi 4000.

Akaniambia, "Mama, irabu unazo zote. Konsonanti ndizo zinazokukimbia." A, e, i, o, u zina nguvu na zinakaa upande wa sauti nene. S, f na sh ni upepo mwembamba upande wa kulia wa karatasi. Herufi h ni pumzi tu, kelele kidogo inaifunika. Nikawaza lugha yetu hii, ambayo karibu kila silabi yake inaishia kwa irabu. Fika, shika, sita, pita: kwangu yote yalikuwa i-a, i-a, na kichwa changu kikichagua lipi linafaa. Mtu anakanusha kwa pumzi moja mwanzoni mwa neno, na pumzi hiyo ikipotea, hapana yake inakuwa ndiyo. Niliona uchungu sana kufikiria ni mara ngapi watu wameniambia hapana, nami nikaitikia kwa furaha.

Aliniuliza kazi niliyofanya. Miaka 22 kando ya mashine za kuchapa. Hakushangaa. Kikomo cha kelele kazini ambacho wataalamu wengi hukifuata ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda huo unakatika nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Ndani kabisa ya sikio, kwenye kiungo kilichojisokota kama konokono, kuna seli zenye vinyweleo kiasi cha 15,000 tu, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Zinazopokea sauti nyembamba ziko mlangoni, na mara nyingi ndizo zinazotangulia kufa, iwe kwa kelele au kwa umri.

Zamani kidogo nilikuwa nimenunua kikuza sauti bila kupimwa. Kilikuza kila kitu, na vyombo vikigongana nilikuwa nafumba macho kwa maumivu. Sasa najua sababu. Sikio lililoumia hukosa sauti ndogo, lakini sauti kubwa hulifikia ikiwa kubwa vilevile. Kifaa cha kusikia kilichopangwa vizuri huinua zaidi sauti ndogo, hugusa kidogo tu zile kubwa, na huinua pale tu mstari wako ulipoteremka.

Nilikuwa nimekwenda nikitaka kile kinachozama ndani ya tundu, kisichoonekana. Mtaalamu hakunikatalia, alinieleza. Kwa kuwa sauti nene nazisikia mwenyewe, nikiziba tundu sauti yangu itanivumia kichwani kama nasemea ndani ya pipa. Vile vidogo kabisa mara nyingi vina maikrofoni moja, na ili kifaa kielekeze usikivu kwa mtu aliye mbele yako penye kelele kinahitaji mbili. Betri zake ni punje, na vidole vyangu asubuhi ni vizito. Nikachagua cha kukaa nyuma ya sikio, chenye waya mwembamba na kizibo laini chenye matundu, cha kuchaji usiku. Nikachukua viwili, kwa sababu ubongo hulinganisha masikio yote mawili ndipo ujue sauti inatoka wapi.

Ila kilichonisaidia kuliko aina ya kifaa ni nusu saa ya mwisho. Aliniingizia sikioni kimrija chembamba chenye maikrofoni, akapima sauti inayofika karibu na ngoma yangu mimi, kisha akarekebisha mpaka ilingane na odiogramu. Tundu la sikio la kila mtu lina umbo lake, na makisio ya kompyuta hayatoshi. Mkienda, ombeni kipimo hicho. Ulizeni pia kama mnaweza kukaa na kifaa wiki kadhaa na kukirudisha kisipowafaa.

Siku ya kwanza nililia. Kitambaa cha nguo yangu kilikuwa na sauti. Karatasi ilipasuka kama kuni. Siku ya tatu nilitaka kuvivua, nikajikaza, maana niliambiwa ubongo unahitaji wiki kadhaa kujifunza tena sauti ulizozisahau, na haujifunzi kifaa kikiwa kwenye sanduku.

Sasa ni wiki ya tano. Alhamisi narudi kurekebishiwa, na nina daftari la mambo ya kumwambia. Vijiko bado vikali. Upepo nje unavuma kwenye maikrofoni. Mjukuu wangu akipiga kelele, sikio la kushoto linachoma. Na chini yake, ingawa si lalamiko, nimeandika: jana jioni, maji yakitiririka, binti yangu akiwa amenipa mgongo, amesema "mtoto hatakula sasa", nami nikamuuliza kwa nini.