Siku moja maishani mwangu: mpiga picha wa mawe na majengo, Mwanza

Nianze kwa kusema sipigi harusi. Kila nikitaja kazi yangu ndani ya daladala, swali linalofuata ni bei ya sendofu. Mimi napiga majengo, mawe na madaraja. Wanaonilipa ni wakandarasi, wachora ramani, wenye hoteli na lodji, na mara mojamoja taasisi inayotaka kalenda. Mawe hayanilipi. Lakini kwa Mwanza huwezi kupiga picha ya nyumba ukaliacha jiwe, maana liko nyuma yake, chini yake, au limeingia mpaka uani.

Saa kumi na moja alfajiri naamka, nachomoa betri kwenye chaji, nahesabu lenzi, nakunywa chai na viazi vya jana. Stendi ya kamera naibeba mwenyewe mpaka barabarani, kwa sababu dogo anayenisaidia anakaa Mabatini na tunakutana mbele.

Saa kumi na mbili na nusu tuko Kamanga, karibu na kivuko, tunalitazama Jiwe la Bismarck, yale mawe yaliyopandana ziwani. Wageni wote hulipiga jioni. Sawa, jioni linapendeza, jua linazama ziwani nyuma yake na jiwe linabaki kivuli cheusi, picha inauzika. Ila kivuli hakikuonyeshi kitu. Huoni jiwe la juu limekaa juu ya lipi, limegusa wapi na wapi pana upenyo. Asubuhi jua linatokea upande wa mjini, linalipiga usoni kwa mshazari, kila ufa unajitokeza. Unaona pia alama ambayo maji yameacha, kwa sababu ziwa lilipanda sana 2020 na likapanda tena 2024, na juu kabisa unaona weupe wa kinyesi cha mnandi, ambao kwao lile jina la Bismarck, waziri mkuu wa Wajerumani, halina maana yoyote.

Watu huniuliza nani aliyapanga mawe haya. Hakuna aliyeyapanga. Hii ni matale, yaani graniti, iliyopoa chini kabisa ya ardhi, na ina zaidi ya miaka bilioni 2.5. Udongo na miamba ya juu ilipomomoka, mzigo ulipungua, mwamba ukapasuka kwa mistari ya wima na ya ulalo. Maji ya mvua yakaingia kwenye nyufa, yakaanza kuozesha madini yake na kuyageuza udongo. Pembe huliwa kutoka pande tatu, kwa hiyo huisha kwanza, kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Kilichobaki ni mabonge ya mviringo yaliyozikwa kwenye udongo. Udongo ukaja kusombwa, mabonge yakabaki pale pale yalipokuwa, moja juu ya lingine. Ziwa lenyewe ni la juzi tu, miaka 400,000 hivi, na wataalamu wanasema liliwahi kukauka, kama miaka 15,000 iliyopita. Mawe yalikuwepo muda wote huo.

Napiga kwa nusu saa. Mwanga ukishakuwa mweupe naacha.

Saa mbili tunakunywa supu. Saa tatu tunapanda gari la Nyegezi, tunashuka, tunachukua bodaboda mpaka Luchelele. Mteja ana lodji mpya ziwani, alisema nifike saa nne kamili. Saa nne kamili nilikuwa getini.

Alifika saa tano na nusu.

Anayenijua anaelewa hasira ya saa moja na nusu ile. Saa nne jua bado lina pembe, ukuta unaoelekea ziwani una kivuli kidogo chini ya madirisha, unaona unene wake. Saa sita jua liko utosini, mabati yanamulika, veranda ni shimo jeusi, na kila mtu kwenye picha anaonekana hana macho. Nilimweleza hivyo kwa simu siku mbili kabla. Alipofika hakuomba radhi, alisema, "Dada, jua si lipo? Tena limewaka vizuri."

Tulianza vyumbani. Akataka chumba kionekane kikubwa. Nina lenzi pana, inafanya hivyo, lakini ukizidisha kitanda kinarefuka mpaka mgeni akija anadhani amedanganywa, na kwa kweli atakuwa amedanganywa. Nikamwomba tutoe meza moja na pazia lifunguliwe. Akakataa kutoa meza, ni ya bei. Akataka na televisheni iwe imewaka, kwenye taarifa ya habari. Nikapiga picha kadhaa za kila chumba kwa viwango tofauti vya mwanga, moja kwa ajili ya kitanda, nyingine kwa ajili ya dirisha ili ziwa lisigeuke kuwa mraba mweupe, nikijua nitakaa nazo usiku kuziunganisha. Kamera nimeisawazisha kwa kipimo cha maji, maana ukiiinamisha kidogo tu kuta zinaegemeana juu na nyumba inaonekana inaanguka kwa nyuma. Yeye amesimama nyuma yangu anapiga kwa simu, anamwonyesha mpwa wake: "Ona, hata hii imetoka."

Kisha tukatoka nje, na hapo ndipo siku yangu ilipoliwa.

Lodji ile imejengwa mlimani. Veranda ya mbele, sehemu nzuri kuliko zote, imekaa juu ya jiwe moja kubwa kuliko lori. Fundi aliyeijenga alijua kazi: amemwaga zege likafuata mgongo wa jiwe, nguzo mbili zimekanyaga juu yake, ukuta umekuja kuishia pale jiwe linapoanzia. Nilizunguka nikatafuta mahali ambapo vyote vinaonekana, jiwe linavyobeba veranda na veranda inavyotoka kuelekea ziwani. Juu ya jiwe kulikuwa na mjusi dume, kichwa na kifua chekundu, mwili wa buluu, wale ambao jina lao la kisayansi ni Agama mwanzae. Ameinua kichwa, ametulia. Mtu angelipia kupata bahati ile.

"Dada, hilo jiwe."

"Ndiyo, mzee wangu, ndiyo picha yenyewe."

"Hapana. Liondoe."

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Akaeleza kwamba jiwe linaifanya lodji ionekane ya kijijini, kwamba lina weusi ubavuni, kwamba wageni wa Dar wanataka kuona bustani. Ule weusi nikaujua mara moja: masizi ya matairi. Nikauliza, akakubali. Walijaribu kulivunja kwa moto, kama wavunja kokoto wanavyofanya kwenye vilima vya huku. Unachoma matairi au kuni, ngozi ya jiwe inatanuka kuliko ndani, inabanduka, unapiga nyundo. Kwa jiwe lenye nyufa inafanya kazi. Hili halikuwa na ufa hata mmoja. Lilibanduka vipande vya upana wa sahani, likagoma. Ndipo fundi akamshauri ajenge juu yake, na kwa ushauri ule alikwepa gharama ya msingi mzima.

"Kwa hiyo jiwe ndilo msingi wako," nikamwambia.

"Msingi hauonyeshwi kwenye picha, binti."

Hapo sikuwa na jibu, nakubali kwamba ni sentensi nzuri.

Akaamuru mlinzi amfukuze mjusi kwa fimbo. Mjusi akaondoka. Akataka tusogee kulia, jiwe likabaki. Tusogee kushoto, likabaki, na nguzo ya umeme ikaongezeka. Akataka nipande juu ya paa la jiko; nikapanda, dogo akinishika mguu, nikapiga, jiwe likaonekana lote kuliko mwanzo. Akataka liwekewe shuka. Shuka kweli, jeupe, la kitandani. Wakaleta mawili, upepo wa ziwani ukalichukua moja. Dada anayefanya usafi akalikimbilia, na aliporudi akasema kwa sauti ya chini, lakini tulisikia wote, "Wageni wenyewe ndipo wanapopigia picha zao, hapo kwenye jiwe." Mzee akamtazama, dada akarudi jikoni.

Saa nane ikapita tukiwa bado tunabishana. Mpwa akapata suluhisho: "Si kuna Photoshop? Atalifuta." Mzee akafurahi kana kwamba jambo limekwisha. Nikamweleza kwamba kufuta kunawezekana lakini kuna bei yake, na kwamba ukilifuta jiwe veranda itabaki haina kinachoishika. "Wewe futa," akasema. Malipo akatoa nusu, nusu nyingine picha zikifika. Chakula hatukupewa.

Tukala Buhongwa, kwa mama ntilie, ugali na sato wa kuchemsha. Mgongo ulikuwa umeanza kuuma pale begi linapokaa. Dogo akauliza kama bado tunaenda Kigongo. Tunaenda. Mhandisi mmoja wa Dar es Salaam anataka picha kubwa ya daraja la huko kwa ukuta wa ofisi yake, na huyu analipa kwa wakati.

Usagara, kisha Kigongo. Sikuangalia tena saa, naangalia vivuli.

Daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, lina urefu wa kilomita 3 juu ya maji ya ghuba. Tulipofika tukasimamishwa, nikatoa barua ya kibali, ikasomwa, ikapigiwa simu, ikasomwa tena. Hiyo ni kawaida. Kamera yenye stendi inatia shaka, wakati kila abiria wa basi anapita akipiga kwa simu. Siku hizi sibishani, natoa barua na maji ya kunywa.

Nikashuka mpaka ufukweni. Kutoka juu daraja ni barabara tu. Ukitaka kuliona linavyosimama lazima uwe chini. Madaraja ya nyaya ambayo wengi wameyaona kwenye picha yana minara mirefu, na nyaya ndizo zinazobeba karibu sakafu yote. Hili ni namna nyingine: minara mifupi, nyaya zimelala, na boksi la zege chini ya barabara ni nene kwa sababu lenyewe linabeba sehemu kubwa ya mzigo. Nyaya zinalibana zege kuliko zinavyolinyanyua. Mhandisi aliniambia kwa simu, "Nataka unene wa lile boksi uonekane, usinipe nyaya tu." Baada ya yule mzee wa asubuhi, nilitaka kulia kwa furaha.

Mama mmoja anayeuza dagaa alikuja kukaa karibu. Nikamsalimia, "Shikamoo mama," akaitikia na kuuliza napima nini. Nikasema napiga picha. Akalitazama daraja akasema foleni ya kivuko ndiyo ilikuwa duka lao, magari yakisimama saa nzima watu wananunua. Sasa yanapita kwa dakika chache, na hakuna anayefungua dirisha. Halafu akaongeza kuwa mjukuu wake akiugua usiku anavuka saa yoyote. Alisema yote mawili kwa sauti ileile, akamuuzia dogo dagaa wa buku.

Jua lilipoanza kushuka upande wa Busisi likapita kwa urefu wa daraja, nyaya zikawaka ubavuni, na boksi likapata kivuli chake sawasawa. Dakika kumi hivi za kazi. Kisha wakaja wadudu wa ziwani, wingu zima, wakajibandika kwenye lenzi, masikioni, mdomoni. Tukakunja stendi.

Nilirudi nyumbani usiku, sijui saa ngapi, mabasi yalikuwa yamejaa. Nikaoga, nikakaa kwenye kompyuta. Vyumba vya lodji nikaviunganisha. Picha ya daraja sikuigusa, niliipunguza ukubwa tu nikamtumia mhandisi, akajibu neno moja: "Hiyo."

Picha ya veranda nikampelekea mzee mbili kwa WhatsApp. Ya kwanza ina jiwe lake na masizi yake. Ya pili nimelifuta, kama alivyoagiza. Akajibu kwa sauti ndefu. Ya kwanza hakuitaja. "Dada, hii ya pili ni nzuri sana, sasa lodji ni ya kisasa. Ila hapo chini mbona jengo linaelea? Weka majani."

Nimemtumia bei ya majani.