Milimita 9

Nilimpigia simu mwenye kiwanja kabla hatujachimba hata shimo moja. Hilo ndilo linalonijia kwanza kila nikipita Mikindani na kuiona ile lodge.

Ilikuwa mwaka 2013, na Mtwara nzima ilikuwa inazungumza gesi. Bomba la kwenda Dar es Salaam lilikuwa linajengwa, wageni wamejaa mjini, vyumba vya kulala vya kutafuta kwa tochi, na kila mwenye kiwanja alitamani kuweka lodge. Mama mmoja mfanyabiashara wa korosho alikuwa amenunua kiwanja upande wa pwani, na kilikuwa kiwanja kizuri kweli: barabara nyuma, mikoko mbele, na uso wake umesawazishwa kwa kifusi cha matumbawe, ukikanyaga unadhani uko kwenye sakafu. Alitaka nyumba ya ghorofa moja.

Mimi nilikuwa fundi sanifu wa kupima udongo wa kujengea, mwenye mwaka mmoja tu kazini. Mkuu wa kikosi chetu, mchimbaji wa siku nyingi tuliyemwita Mzee, alikwama njiani na mashine ya kuchimbia akitokea Lindi. Nikaona nisikae bure, nikaanza na kipimo cha sahani, cha kuona ardhi inazama kiasi gani ikibebeshwa mzigo.

Unachukua sahani nene ya chuma, yetu ilikuwa na kipenyo cha sentimita 30, unailaza kwenye udongo uliosawazishwa. Juu yake unasimamisha jeki, na jeki inasukuma chasisi ya lori lililojaa mawe. Lori haliinuki, hivyo nguvu yote inairudia sahani. Pembeni kuna geji zenye uso kama wa saa, zimefungwa kwenye boriti ambayo miguu yake imewekwa mbali ili isizame pamoja na sahani. Nilipandisha mzigo hatua kwa hatua, kila hatua nikingoja mshale utulie, mpaka nikafika tani 1.4. Kwa sahani ndogo namna ile, hiyo ni sawa na tani 20 kwa kila mita ya mraba. Sahani ilizama milimita 3.

Nikachukua kanuni ya Terzaghi na Peck, wahandisi wa udongo, ile ya kukadiria msingi utazama kiasi gani kwenye mchanga, nikakokotoa kwenye daftari juu ya goti. Msingi wenye upana wa mita 1.8 ungezama milimita 9. Kwa kawaida wahandisi hukubali hata 25. Nilifurahi mno, nikachukua simu.

“Ardhi yako ni nzuri, mama. Itazama milimita 9 tu.”

Alimshukuru Mungu kwa sauti. Jioni ile ile akalipia nondo.

Mzee alifika kesho yake asubuhi. Aliisoma karatasi yangu akiwa amesimama, akanirudishia.

“Sahani yako ina upana gani?”

“Sentimita 30, Mzee.”

“Basi imeona sentimita 60. Chini ya hapo haijui kitu.”

Chuoni nilifundishwa hivyo hivyo, na kwenye mtihani nilijibu sawasawa. Mzigo ukishuka ardhini husambaa, na ukifika kina cha kama mara mbili ya upana wa kitu kilichoubeba, unakuwa umepungua sana. Sahani yangu ilikuwa imekihoji kifusi peke yake. Msingi wa mita 1.8 ungekwenda kuamsha yaliyolala mita tatu na nusu chini, na huko sikuwa nimeuliza chochote.

Tulipokuwa tunasimamisha miguu mitatu ya mashine, bibi mmoja jirani aliyekuwa anaanika dagaa akatusogelea.

“Mnachimba kisima, wanangu?”

“Hapana, bibi. Tunapima udongo, inajengwa nyumba.”

“Hapo?” Akatuangalia mmoja mmoja. “Hapo palikuwa chumvi. Marehemu mume wangu amechota chumvi hapo mpaka kucha zikamwisha.”

Mzee aliacha kamba, akamwamkia vizuri, akachuchumaa karibu na mkeka wake. Alikaa naye karibu nusu saa. Bibi alimwonyesha kwa kidole mabwawa ya chumvi yalianzia wapi na maji makuu yalikuwa yanafika wapi, na Mzee aliporudi akahamisha shimo la pili kulifuata neno lake. Malori yalimwaga kifusi juu ya kiwanja kile mbele ya macho ya yule bibi, na mimi siku nzima ya jana nilimpita mara nne bila kumuuliza.

Kipimo cha nyundo kinakwenda hivi: nyundo ya kilo 63.5 inavutwa juu sentimita 76 na kuachiwa ianguke kwenye fimbo yenye bomba la sampuli mwishoni. Unahesabu mapigo ya kulishusha bomba sentimita 45, kwa vipande vitatu vya 15, na kile cha kwanza hukijumlishi kwa sababu udongo wa pale umeshavurugwa na uchimbaji. Kwenye kifusi tulipata 9, 14, 17. Jumla 31, ardhi ngumu, na mimi nikaanza kupata matumaini tena.

Tukachimba mpaka mita moja na nusu. Nilishika chaki, nikachora alama zangu tatu kwenye fimbo. Vijana wakaishusha nyundo taratibu ikae juu ya fimbo, na kabla hawajaivuta kamba, alama ya kwanza ikazama. Ya pili ikaifuata. Hakuna aliyekuwa amepiga.

Bomba lile hufunguka pande mbili kama ganda la kunde. Mzee alilifungua mbele yangu. Ndani mlikuwa na tope jeusi linalong'aa, harufu ya yai viza, kijiti cha mzizi wa mkoko na kombe dogo lisilovunjika hata ukingo. Nilibonyeza kidole, kikaingia mpaka kwenye kifundo.

Upande wa bahari tope lilikuwa na unene wa mita tatu na nusu ndipo ukafika mchanga mzuri. Upande wa barabara lilikuwa sentimita 80 tu. Tulitoa sampuli zisizovurugwa, tukazifunga kwa nta na kuzipeleka maabara Dar es Salaam. Majibu yaliporudi, hesabu ikasema ukuta wa baharini ungezama sentimita 14, wa barabarani 3.

Nilimwomba Mzee aniache nikamwambie mwenyewe. Nilimkuta mama ghalani kwake, amekaa kati ya magunia.

“Shikamoo, mama. Ile milimita 9 niliyokwambia, nilikosea.”

Nikamweleza kwa kifumbu. Ukikamua nazi, tui halitoki lote kwa mara moja. Unakaza, linachuruzika, machicha yanashuka. Tope lile limejaa maji, na nyumba ndiyo mkono unaokamua, ila maji yake yangechukua zaidi ya miaka miwili kutoka. Na kwa kuwa tope ni nene upande mmoja, nyumba ingeinama na kupasuka.

Alinyamaza kitambo.

“Nondo nimeshalipia.”

“Najua, mama. Ni kwa neno langu.”

“Zitakaa humu na korosho. Sasa sema tufanye nini.”

Tope la upande wa barabara lilichimbwa lote, pampu ikivuta maji, pakajazwa mchanga ulioshindiliwa. Sehemu ya ghorofa ikasogezwa huko. Upande wa bahari, palipobaki vyumba vya chini tu, tulilundika mchanga wa mita mbili na nusu ili ulikamue tope kabla ya nyumba kufika. Chini ya lundo tulilaza bamba lenye fimbo ndefu iliyotokeza juu, na kila mwisho wa mwezi nilikwenda na levo, darubini ya kupimia usawa, kusoma imeshuka kiasi gani. Mwezi wa kwanza milimita 27. Watu wa mtaani waliuliza mama anauza mchanga au anajenga.

Mwezi wa kumi tangu tulundike mchanga, mama alikuja mwenyewe, amebeba daftari lake la korosho. Nilisoma mara mbili, nikamtajia: milimita 85, mahali ambapo hesabu yetu ilitaja 89. Alifungua ukurasa wa nyuma. Juu kabisa, kwa mwandiko wake, palikuwa pameandikwa 9, na chini yake vipimo vyote vya miezi iliyopita. Akaandika 85, akanipa kalamu niweke sahihi pembeni.