Herufi moja kubwa iliyofanya seva inigomee

Programu yangu ya JavaScript ilifanya kazi vizuri kwenye laptopu yenye Windows. Nikiipandisha kwenye seva ya Linux: "Cannot find module './hesabuMkopo'", yaani faili hilo halionekani. Nilifuta node_modules (folda ya vifurushi vya programu) nikasakinisha upya, nikabadili toleo la Node, programu inayoendesha JavaScript kwenye seva. Wapi!

Kilichonifungua macho ni kuandika ls, amri ya kuorodhesha mafaili, kwenye seva. Faili liliitwa HesabuMkopo.js, kwa H kubwa, na msimbo uliita kwa h ndogo. Kwa kawaida Windows huyaona majina hayo kuwa faili moja. Kwa Linux ni mawili tofauti kabisa.

Nikabadili jina kwenye laptopu, nikapandisha tena. Kosa lile lile! Git, chombo kinachofuatilia mabadiliko ya msimbo, haikuona badiliko lolote, maana kwenye Windows mpangilio wake wa core.ignorecase (kupuuza tofauti ya herufi kubwa na ndogo) huwa true. Hapo ndipo nilipopoteza jioni nzima. Dawa ilikuwa kubadili jina kupitia Git yenyewe, tena kwa jina lisilotofautiana kwa ukubwa wa herufi tu:

git mv HesabuMkopo.js hesabu-mkopo.js

Kisha kusahihisha require (mstari wa msimbo unaoliita faili), commit (kuhifadhi badiliko) na push (kulipandisha). Ikakubali.

Sasa mafaili yangu yote ni herufi ndogo na kistari. Vigezo (variables) ndani ya msimbo nimeviacha kwa mtindo wa hesabuMkopo, kwani huko kistari kingesomwa kama alama ya kutoa.