Mguu Ni Mrefu

Nikimwambia mtu kwamba mimi ni fizio, mtaalamu wa tiba ya viungo, ananipa bega. Nimeshapewa bega msibani, nimepewa shingo kwenye daladala. "Basi nichue hapa kidogo." Kuchua nachua, sikatai, lakini sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuuliza maswali mawili mpaka mtu anichoke: panauma wapi hasa, na kiungo kilielekea upande gani? Hii hapa Alhamisi yangu moja.

Saa 11 alfajiri. Mbagala, chai ya rangi, daladala, nimesimama hadi mjini.

Saa 2 asubuhi. Kliniki. Wa kwanza ni mzee wangu wa goti, ambaye tangu mwaka jana anaswali juu ya kiti. Rukuu anaiweza, maana rukuu ni kazi ya nyonga. Kinachomshinda ni sijda, na hasa kile kikao cha baina ya sijda mbili, kinachotaka goti likunjike karibu lote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Rula yako leo inasemaje?"

Rula yenyewe ni goniomita: mapande mawili ya plastiki yaliyofungwa pamoja kwa pini. Pini inakaa ubavuni mwa goti, pande moja linafuata paja, jingine linashuka kuelekea kifundo. Mzee analala chali, anavuta kisigino kuelekea kalioni, nami nasoma nyuzi. Mwezi uliopita zilikuwa 98. Leo 107. Goti zima hufika 135 na kuzidi, kwa hiyo msala bado uko mbali, ila mzee aliipokea ile 107 kama mtoto aliyefaulu darasa la saba. Sikuona sababu ya kumharibia asubuhi.

Hadi saa 6 nilikuwa na bega lililoganda, kiharusi wawili, na kijana wa bodaboda aliyetoka kufunguliwa hogo mkononi. Huyu wa bodaboda namtaka ageuze kigasha. Chuoni mageuzo hayo yana majina marefu niliyoyakariri usiku kucha, na sijawahi kupata mgonjwa aliyefaidika nayo. Namwambia: omba dua. Kiganja kinatazama juu. Haya, sukuma chapati. Kiganja kinatazama chini. Dua yake inaishia njiani, kiganja kimesimama ubavu kama cha mtu anayetaka kukupa mkono. Tutarudia Jumatatu.

Saa 8 mchana, wali maharage uko nusu, simu ikaita. Meneja wa timu ya daraja la chini ninayoihudumia jioni, timu ambayo mshahara wake huja kama mvua za vuli.

"Sista, dogo kaumia mguu."

"Wapi?"

"Mguuni bwana!"

Jamani, mguu kwetu unaanzia nyongani unaishia kwenye kucha. Humo kuna paja, goti, muundi, kigimbi, kifundo ambacho wachezaji wanakiita enka, kisigino, wayo. Mguu ni mrefu! Na hapo hatujagusa kiwiko, ambacho baadhi ya wazee wa pwani wakikitaja wanamaanisha pale unapovaa saa, na vijana wanamaanisha kile unachomchomekea beki kwenye kona.

"Goti," akasema baada ya kusukumwa.

"La upande gani?"

"Kulia. Linauma kwa nje."

"Lilipoumia lilikwenda wapi?"

"Ndani."

"Ndani au nje?"

"Sista, nimekwambia, linauma nje, lilikwenda ndani! Mbona unanihoji kama polisi?"

Na alikuwa sahihi, ndiyo maana sikukata simu. Sisi tuna mkao mmoja wa makubaliano: mtu amesimama wima, uso mbele, mikono imening'inia, viganja vinatazama mbele, dole gumba zimeelekea nje. Chora mstari kutoka puani, upite kitovuni, ushuke katikati ya nyayo mbili. Kilicho karibu na mstari ni ndani, kilicho mbali nao ni nje, hata mtu akiwa amelala kifudifudi au ananing'inia juu ya mwembe. Goti likianguka kuelekea mstari, mifupa ya upande wa nje inagongana. Kwa hiyo goti linaweza kwenda ndani likauma nje. Na goti linalokwenda ndani huku unyayo umeng'ang'ania chini ndilo linalonikosesha usingizi.

Nikamwomba video. Akanitumia aliyojirekodia yeye mwenyewe kwa kamera ya mbele, anaigiza tukio, simu inageuza picha kama kioo. Nikaitazama mara tatu, sikupata hata upande mmoja wa kuuamini.

Njiani nilikuwa nawaza goti la kulia la yule dogo wa timu, ambalo mwaka jana tulilihangaikia wiki sita. Limerudi, nikasema. Nimemruhusu mapema, kosa langu. Foleni nzima nimejilaumu. Nafika uwanjani, goti lililovimba ni la kushoto. Meneja alikuwa amesimama akimtazama usoni, akahesabu kulia kwake yeye.

Kijana amelala kiubavu kwenye mkeka, na mtu wa mtaani kwao ameshamfikia kabla yangu. Goti linang'aa mafuta. "Nimelirudisha," ananiambia kwa fahari. Sikumjibu. Kuna siku huwa najibu.

Nikamlaza chali. Naanza na goti zima, siku zote, ili mkono wangu ujue la kwake linavyotakiwa kuwa. Naweka taulo lililokunjwa chini, goti likunjike kidogo tu, mkono mmoja unashika paja, mwingine unashika muundi juu kabisa chini ya goti, navuta kuja mbele. Goti zima lina kikomo: unavuta, linagota, kama mlango unaofika kwenye fremu. Nikahamia la kushoto. Nikavuta. Mlango haukugota.

Niliruka mpira wa kichwa, kijana akasema, nikatua, nikataka kugeuka. Nilisikia ko! Uvimbe ulikuja ndani ya saa moja. Vyote hivyo ni dalili za kano ya katikati ya goti, ile ya mbele, ila jina silitamki kabla ya kipimo cha MRI.

"Jumamosi?" meneja akauliza.

Hapana.

"Tukimfunga bandeji?"

Hapana.

"Sindano je? Si kuna sindano?"

Nikamweleza kwamba sindano inaondoa maumivu, haishiki mfupa. "Mbona anatembea?" Kutembea mbele moja kwa moja goti linaweza kujikongoja bila ile kano. Kugeuka ndiyo shughuli, na winga asiyegeuka ni mtazamaji aliye karibu. Akaenda kupiga simu, akarudi. "Mwenyekiti anauliza, dakika 20 tu?" Jua likawa limeshazama na bado tulikuwa kwenye dakika 20. Mimi nimesimama tangu alfajiri, visigino vinawaka, na mtu mzima ananipunguzia dakika kama anayenunua dagaa. Alifika 10.

Kijana hakuuliza kuhusu Jumamosi. Meneja alipogeuka akanishika mkono: "Dada, bodaboda nitaweza kuendesha? Maana huku hawalipi." Nikamwambia asubiri kipimo. Sikumwambia kwamba akifanyiwa upasuaji, kurudi uwanjani ni miezi 9 au zaidi. Ningemwambia kesho, akiwa amekaa na mtu wa kwao.

Barua ya rufaa niliiandikia kwenye benchi kwa mwanga wa simu. "Goti la KUSHOTO," kwa herufi kubwa, nikapigia mstari mara mbili.

Kurudi nyumbani sikumbuki vizuri. Nilikuwa nimeshajitupa kitandani kifudifudi, shingo imepinda, mkao ninaowakataza wagonjwa wangu kila siku, simu ikatoa mlio. Meneja.

"Sista samahani kwa usiku. Hiyo kushoto uliyoandika, ni kushoto kwake au kwako?"