Nilivyopata GOS kutoka kwenye laktosi: adui ni maji

Ushauri niliopewa mara nyingi ni huu: tia matone ya laktesi (kimeng'enya kinachokata laktosi, sukari ya maziwa) kwenye maziwa, yaache yalale, asubuhi una prebiotiki, yaani chakula cha bakteria wazuri wa utumbo, kama GOS (galakto-oligosakaridi, minyororo mifupi ya sukari). Unanikera, kwa sababu ukiufuata unapata maziwa matamu basi. Nilijaribu, nikapima kwa kromatografia ya bamba la silika, ambapo kila sukari hupanda bambani kwa kimo chake na kuacha doa. Doa la laktosi lilikuwa limefifia, doa nene la glukosi na galaktosi limetokea juu, na kule chini zinakokaa GOS hapakuwa na kitu.

Beta-galaktosidezi (ndiyo hiyo laktesi) hukata laktosi na kuachia glukosi, lakini galaktosi hubaki imeshikwa na kimeng'enya mpaka apatikane wa kuipokea. Ikipokewa na maji, imekuwa galaktosi huru, basi. Ikipokewa na laktosi nyingine, inajishikiza hapo na kuwa sukari ya pingili tatu, na hiyo ndiyo tunayoitafuta. Laktosi ya maziwa ni karibu asilimia 5 tu. Maji yanashinda kila mara. Kwa hiyo nilipanda hadi asilimia 40 kwa uzito.

Hapo ndipo unga wa laktosi ulipogoma. Kwa nyuzi 50 za Selsiasi, joto nililofanyia kazi na kimeng'enya, maji hayawezi kuyeyusha laktosi kiasi hicho. Ilibaki chini ya chupa kama mchanga, hata ukoroge mkono uchoke. Dawa yake ni kuyeyusha kwanza kwenye moto mkali, kimeng'enya baadaye. Nilipima gramu 421 za laktosi monohaidreti (gramu 21 na ushee ni maji yaliyomo ndani ya fuwele, wengi husahau kuyahesabu) na maji gramu 579, nikapasha hadi karibu nyuzi 90 mpaka sharubati ikawa angavu kabisa, nikaiacha ishuke hadi 50. Laktosi haina haraka ya kurudi kuwa fuwele, mradi kuta za chombo zisiwe na unga ulioganda: chembe moja ikianguka, inaziita nyingine. Zifute kwa maji ya moto.

Nilitumia kimeng'enya cha Aspergillus oryzae, pH 4.5 kwa asidi ya sitriki, takriban uniti 10 (kipimo cha nguvu ya kimeng'enya) kwa kila gramu ya laktosi. Bei hutofautiana sana, ila cha unga kinalipa kuliko vidonge vya duka la dawa vyenye vijazo vingi. Ukiwa na kile cha hamira ya Kluyveromyces lactis, usifuate namba hizi: kinataka pH karibu 7, joto la nyuzi 40 hivi, na potasiamu na magnesi, kalsiamu hukikwamisha.

Kazi kubwa ni kujua pa kusimama. Kimeng'enya hakijui kwamba GOS ndizo unazotaka. Laktosi ikipungua kinageuka na kuzikata zenyewe. Nilipoacha usiku kucha, madoa ya chini yalikuwa yamepauka. Sasa nachota tone kila nusu saa, nalichemsha papo hapo dakika 5, nalipunguza makali kwa maji mara 50, kisha bambani. Kiyeyusho ni butanoli, ethanoli na maji kwa 5:3:2. Napuliza asidi ya salfuriki ya asilimia 10 ndani ya ethanoli na kupasha nyuzi 110 hadi madoa yawe kahawia. Doa lililo chini ya laktosi likikoma kukolea, nakizima kimeng'enya kwa joto. Kwangu ilikuwa kati ya saa ya tatu na ya nne tangu kukitia. Nyuzi 90 kwa dakika 10 zinatosha. Ukizidisha, sharubati inageuka rangi ya asali.

GOS huwa kama robo ya sukari yote, au zaidi kidogo. Zilizobaki ni laktosi, glukosi na galaktosi, kwa hiyo mwenye kisukari, mwenye galaktosemia (ugonjwa wa kurithi ambao mwili hauwezi kutumia galaktosi) au asiyevumilia laktosi asiiguse. Glukosi naipunguza kwa hamira ya mkate: sharubati iongezwe maji hadi sukari iwe asilimia 20, nyuzi 30, kifuniko kilegee ili gesi itoke. Hamira hii hula glukosi kwanza, galaktosi baadaye, na laktosi haiwezi kabisa. Kisha chuja, chemsha pombe itoke.