Hori Lililokuwa Jeneza

Masomo: Luka 2:7, Mathayo 27:57–60

Wapendwa, Francesco Sassetti, meneja mkuu wa benki ya akina Medici, matajiri wa Florence, Italia, alitaka azikwe penye picha za somo wake, Mtakatifu Fransisko. Kwa watawa Wadominiko wa kanisa la Santa Maria Novella mambo hayakwenda, akahamia Santa Trinita, kanisa jingine la Florence.

Kuta za kikanisa chake humo zilichorwa na Domenico Ghirlandaio na mafundi wake, 1483 hadi 1485. Kazi hiyo, kuchora juu ya lipu mbichi, haina subira. Hupigwa lipu ya kwanza yenye kukwaruza, ya chokaa na mchanga, kisha nyembamba juu yake, lakini kipande kile tu kitakachomalizika siku hiyo. Rangi husagwa kwa maji matupu, na chokaa kikiganda huishika ndani kwa ndani. Lipu ikimkaukia fundi kabla hajamaliza, rangi hukaa juu juu na baadaye hupukutika. Ukisogea karibu unaona viungo vya lipu, jana ilipoishia na leo ilipoanzia.

Juu ya altare, mtoto aliyekufa kwa kuanguka dirishani ameketi kwenye machela, yu hai, Fransisko akimbariki kutoka angani. Muujiza ni wa Roma, ila mchoraji ameuleta kwenye uwanja wa nje wa kanisa hilihili. Sassetti na mkewe, Nera Corsi, walikuwa wamemzika mwana wao Teodoro. Walipojaliwa mwingine wa kiume walimwita Teodoro tena, yaani zawadi ya Mungu.

Chini yake, kwenye ubao wa 1485, wachungaji wanamwabudu Mtoto aliyelazwa chini juu ya vazi la Mama yake. Nyuma wamesimama ng'ombe na punda, na hori lao ni jeneza la mawe la Kirumi. Ubavuni limeandikwa Kilatini: Fulvius, mwaguzi wa Pompey, jemadari wa Kirumi, akiuawa Yerusalemu alisema kaburi lake litatoa mungu. Maneno ya kutungwa, lakini yamepatia kuliko mahubiri mengi ya Krismasi.

Yusufu wa Arimathaya naye alikuwa tajiri aliyejiandalia kaburi mapema, akamlaza humo Bwana.

Mume amechorwa amepiga magoti kulia kwa ubao, mke kushoto. Pembeni ya kila mmoja, ndani ya tao la ukutani, lipo jeneza lake la jiwe jeusi, limefunikwa. La katikati halina kifuniko. Limejaa majani makavu.